Jinsi Tulivyoujua Ugonjwa Ulioua Kuku wa Shule

Na Katibu wa Chama cha Kilimo, Kidato cha Tatu



Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari ya kuku wa shule waliokufa katika miezi ya Agosti na Septemba, 2024. Wengi wenu mwaijua nusu ya habari hiyo, na nusu mnayoijua ndiyo iliyo mbaya. Nimekubali kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa ule huingia katika vijiji vyetu mara kwa mara, na mtu anayeujua aweza kuokoa mali yake. Ya pili, kabla hatujaujua tulimdhulumu mwenzetu mmoja, nami nilikuwa wa mbele katika kumdhulumu. Nimekwisha kumwomba radhi mbele ya darasa lake. Hapa nataka kueleza jinsi elimu ilivyotuonyesha kosa letu.

Banda letu liko nyuma ya ghala la chakula. Mwanzoni mwa Agosti lilikuwa na kuku 58, wote wa kienyeji: wakubwa 22, na wadogo 36 walioanguliwa mwanzoni mwa Juni. Mayai na kuku wakiuzwa, fedha huingia katika mfuko wa chakula cha mchana, na mfuko huo huwasaidia wanafunzi ambao wazazi wao hawana uwezo wa kuchangia. Kwa hiyo kuku wa shule akifa, si kitoweo tu kilichopotea. Ni sahani ya ugali ya mtoto fulani.

Kila muhula mwanafunzi mmoja hukabidhiwa ufunguo wa banda. Muhula ule ulikuwa na kijana wa Kidato cha Kwanza, mpole, asiye na maneno mengi. Sitamtaja jina, nitamwita mtunza banda. Kazi yake ilikuwa kuwapa kuku maji na pumba, kufagia, kuokota mayai, na kuandika katika daftari kila jioni mambo aliyoyaona. Sisi wakubwa tulilicheka daftari lile. Hatukujua kwamba litatufaa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti, nilitumwa mnadani kununua pumba. Nikabakiwa na fedha kidogo, nikaona mitetea wawili wanauzwa kwa bei ndogo kuliko kawaida. Nilijisifu moyoni kwa werevu wangu. Nikawaleta shuleni, nikawatia bandani jioni ile ile pamoja na wengine. Mtunza banda akaniuliza kwa adabu, "Kaka, hawa hawatengwi kwanza?" Nikamjibu kwamba yeye ni wa Kidato cha Kwanza nami ni Katibu. Akanyamaza. Usiku ule aliandika katika daftari: "Wameingia wawili kutoka mnadani. Jumla 60."

Alhamisi, tarehe 22, mmoja wa wale wawili alikufa. Tukasema amechoshwa na safari. Jumatatu, tarehe 26, kuku wadogo wanne walionekana wamejikunyata, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu, hawataki kula. Kesho yake wengine walikuwa wakihema kwa midomo wazi na kukoroma. Kinyesi chao kilikuwa cha maji, rangi ya kijani. Siku chache baadaye tukaona jambo la kutisha: wengine shingo zao zimepinda, kichwa kinatazama nyuma au juu, na wakitaka kutembea wanazunguka mahali pamoja kama walevi. Wengine waliburura bawa au mguu uliopooza. Hata kufika Jumamosi, tarehe 31, walikuwa wamekufa 17, na mayai ambayo kwa kawaida yalikuwa manane au tisa kwa siku yalikuwa matatu, tena mengine ganda lake laini kama karatasi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanafunzi mmoja aliokota pakiti tupu ya sumu ya panya nyuma ya ghala. Mwingine akakumbuka kwamba mtunza banda aliwahi kukemewa kwa kuchelewa kufagia. Mambo mawili haya, ambayo hayana uhusiano wowote, tukayafunga kamba moja, tukasema: kijana amekasirika, ametia sumu katika pumba. Katika siku mbili hakuna aliyetaka kukaa naye mezani. Nami, kwa kuwa ni Katibu, niliandika barua kwa Mkuu wa Shule kuomba anyang'anywe ufunguo na aadhibiwe. Wenzangu tisa wakatia sahihi.

Mkuu wa Shule aliisoma barua mbele yetu, kisha akasema, "Mmeniandikia nani amewaua kuku. Hamkuniandikia wamekufa kwa nini. Nileteeni kwanza jibu la swali la pili, ndipo nitalisoma la kwanza." Akampigia simu Bwana Mifugo wa kata.

Bwana Mifugo alifika Jumatatu, tarehe 2 Septemba, asubuhi. Tulidhani ataangalia kuku wagonjwa kwanza. La. Aliomba daftari. Akakaa juu ya ndoo, akalisoma lote tangu Julai. Kisha akamwita mtunza banda, akamwuliza wale wa kwanza kuugua walilala upande gani wa banda, na pumba ziliwekwa wapi. Kijana akamjibu bila kusita: wagonjwa wa kwanza walilala kwenye kona ya wageni, pumba ziliwekwa katika mabeseni matatu, na kuku wote walikula.

Bwana Mifugo akatugeukia. "Sikilizeni," akasema. "Kama pumba zingekuwa na sumu, wote waliokula wangeumia karibu kwa wakati mmoja. Hapa ameanza mmoja, wakafuata wanne waliolala karibu naye, kisha ukaenea banda zima. Sumu haitoki kwa kuku mmoja kwenda kwa mwingine hivi. Ugonjwa wa kuambukiza ndio uendao hivi."

Hata hivyo hatukushawishika sote, na tukio lililofuata lilitutia shaka zaidi. Bwana Mifugo alivaa glavu na barakoa, akampasua kuku mmoja aliyekufa asubuhi ile, juu ya shimo alilotuchimbisha. Akatuonyesha kwa mbali tumbo dogo lililo kabla ya firigisi, ambalo hutoa maji ya kumeng'enya chakula. Ndani yake mlikuwa na madoa madogo mekundu ya damu. Katika utumbo pia mlikuwa na mabaka ya damu. Nikasikia mtu nyuma yangu ananong'ona, "Sumu ya panya!" Naye alikuwa na hoja, kwa maana sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na mnyama aliyeila huvuja damu ndani ya mwili.

Bwana Mifugo hakukasirika. Alisema, "Macho yangu yananiambia huu ni ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Lakini macho yangu si shahidi wa kutosha. Yako magonjwa mengine yanayofanana nao. Homa ya matumbo ya kuku huleta kinyesi cha rangi hii. Kipindupindu cha kuku huua ghafula namna hii. Na mafua makali ya ndege, ambayo yaweza kuambukiza hata watu, hayawezi kupambanuliwa na kideri kwa macho, hata kwa macho ya daktari bingwa. Maabara ndiyo itakayosema."

Akatupa amri nne, nazo nazikumbuka kwa sababu kila mzazi anayefuga yampasa kuzijua. Mtu asiuze kuku yeyote wa banda hili. Mtu asile wala asipasue waliokufa. Mizoga yote ifukiwe katika shimo refu au ichomwe. Tena mtu akitoka bandani anawe mikono na kusafisha viatu, wala asiende moja kwa moja katika mabanda ya jirani. Kisha akafungasha kuku wawili waliokufa karibuni, na pamba zilizopitishwa kooni na katika sehemu ya haja za kuku wagonjwa, akavitia katika sanduku lenye barafu. Mwalimu wetu wa Biolojia alipeleka sanduku lile mjini siku ile ile, katika maabara ya serikali ya mifugo, na mimi nikafuatana naye.

Wakati wa kungoja majibu, Mwalimu alitufundisha maana ya virusi, nami nitaeleza kwa ufupi.

Bakteria ni wadogo, lakini darubini ya shule yetu yaweza kuwaonyesha. Virusi ni vidogo zaidi kwa mbali, navyo havionekani kwa darubini ya namna hiyo. Wala haviwezi kuzaliana peke yake. Hapana budi viingie katika chembe hai ya mwili, na kuigeuza chembe hiyo iwe kiwanda cha kutengenezea virusi vingine. Ndiyo sababu dawa za kuua bakteria, ambazo wengi wetu hununua madukani na kuwatilia kuku katika maji, haziwezi kuua virusi vya kideri. Kideri hakina dawa ya kutibu. Mtu akikuuzia dawa ya kuponya kideri, amekuuzia matumaini tu.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kuwa ugonjwa mpya katika mwaka 1926, ulipoua kuku katika kisiwa cha Java, kilicho sasa katika nchi ya Indonesia, na karibu na mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, T. M. Doyle, aliuchunguza. Wakati huo tauni ya kuku, yaani mafua makali ya ndege, ilikuwa imekwisha kujulikana, na ilikuwa rahisi kusema kwamba huu ni ugonjwa ule ule. Doyle hakukubali kukisia. Alichuja maji yaliyotoka katika kuku wagonjwa kwa chujio lenye matundu madogo sana, yanayozuia bakteria. Maji yaliyopita bado yaliwaua kuku. Kwa hiyo kilichowaua kilikuwa kidogo kuliko bakteria. Akaonyesha pia kwamba ugonjwa huu si tauni ya kuku. Katika mwaka 1927 alitangaza matokeo yake, akauita ugonjwa kwa jina la mji ule. Alilikusudia kuwa jina la muda, lakini hata leo vitabu vya mifugo duniani huuita ugonjwa wa Newcastle.

Virusi visivyoonekana vitachunguzwaje? Msaada ulitoka katika yai. Katika mwaka 1931, huko Marekani, Alice Woodruff na Ernest Goodpasture walionyesha kwamba virusi vya ndui ya kuku vyaweza kukuzwa ndani ya yai lenye kifaranga kinachokua. Yai ni chombo safi kilichofungwa, chenye chembe hai tele, tena bei yake ni ndogo. Kisha katika mwaka 1941 George Hirst, Mmarekani pia, alikuwa akikusanya maji kutoka katika mayai yenye virusi vya mafua. Damu kidogo ya kifaranga ilimwagika ndani ya maji, naye akaona chembe nyekundu za damu zinashikamana na kuwa vibonge. Virusi vilikuwa vimezishika chembe zile na kuziunganisha. Tangu hapo watu wakapata njia ya kuviona virusi kwa kazi yake, ijapokuwa havionekani vyenyewe. Virusi vya kideri navyo hushikamanisha chembe za damu vivyo hivyo.

Sasa nirudi katika habari yetu. Siku ya Jumatano, tarehe 11 Septemba, tuliitwa mjini kupokea majibu. Mtaalamu wa maabara alikuwa mama mmoja mwenye subira. Hakuturuhusu kuingia katika chumba cha kazi, ila alituonyesha kupitia dirisha la kioo, naye akitueleza hatua kwa hatua.

Kwanza walisaga vipande vidogo vya viungo vya kuku wetu, wakavitia dawa ya kuua bakteria ili vibaki virusi peke yake. Maji yake wakayadunga ndani ya mayai yenye vifaranga vya siku tisa au kumi, wakayaweka katika joto la digrii 37. Kila siku waliyamulika mayai kwa taa. Yai lenye kifaranga hai huonyesha mishipa ya damu na kifaranga kinachochezacheza; likifa, mishipa hufifia. Mayai yaliyodungwa yalikufa. Mayai mengine ya namna ile ile, yaliyodungwa maji safi tu, yaliendelea kuwa hai. Nilimwuliza kwa nini wapoteze mayai mazuri kwa kuyadunga maji safi. Akajibu, "Mwanangu, bila hayo ningejuaje kwamba si sindano yangu iliyoua?" Jibu hilo lilinichoma, kwa maana mimi sikuwa nimejiuliza swali kama hilo kabla ya kuandika barua yangu.

Kisha wakayavuta maji yanayozunguka kifaranga ndani ya yai, wakayatia katika sahani yenye vishimo vidogo vingi, wakaongeza chembe nyekundu za damu ya kuku. Mahali pasipo na virusi, chembe za damu huzama polepole na kufanya kitone chekundu chini ya kishimo. Mahali penye virusi, chembe zilizoshikamana hutandaa kama wavu, na kitone hakitokei. Katika vishimo vyetu chembe zilitandaa. Virusi vilikuwapo.

Nilisimama nikisema, "Basi ni kideri!" Yule mama akatabasamu. "Bado. Virusi vya mafua ya ndege navyo hutandaza damu vivyo hivyo." Ndipo akaeleza hatua ya mwisho, nayo ni kama kumwuliza mgeni jina lake. Kuku aliyepona kideri au aliyechanjwa huwa na kinga katika maji ya damu yake. Kinga hiyo hushika virusi vya kideri tu, na kuvizuia visishike chembe za damu. Katika mstari mmoja wa sahani waliweka virusi vyetu pamoja na kinga ya kideri. Katika mstari wa pili, virusi vile vile pamoja na kinga ya mafua ya ndege. Na katika mstari wa tatu, virusi peke yake. Aliinua sahani nyuma ya kioo, akaiinamisha kidogo. Katika mstari wa pili na wa tatu chembe zilibaki zimetandaa. Katika mstari wa kwanza vitone vyekundu viliteremka kidogo kama machozi. Kinga ya kideri ilikuwa imevizuia virusi. Jina lake likajulikana.

Walikuwa wamethibitisha pia kwa kipimo kinachosoma chembe za urithi za virusi, ambacho siku hizi hutoa jibu kwa muda mfupi. Kipimo hicho kiliwaonyesha jambo jingine: kwamba virusi hivi vilikuwa vya ukoo mkali. Yafaa kujua kwamba virusi vya kideri si vya namna moja. Juu ya kila kirusi iko protini ambayo lazima ikatwe ndipo kirusi kiweze kuingia katika chembe. Virusi vipole hupata mkataji katika njia ya hewa na ya chakula tu, basi haviendi mbali. Virusi vikali hupata wakataji karibu mwili mzima, hata katika ubongo. Ndiyo sababu shingo za kuku wetu zilipinda.

Tuliporudi shuleni, Mwalimu aliniagiza nifanye hesabu kutoka katika daftari la mtunza banda, kuanzia siku wageni walipoingia mpaka kuku wa mwisho alipokufa. Nilipata hesabu hii. Katika kuku wawili wa mnadani walikufa wote wawili. Katika wadogo 36 walikufa 33. Katika wakubwa 22 walikufa 3 tu. Jumla ya waliokufa ni 38, na waliosalia ni 22.

Kwa nini wakubwa walipona kwa wingi hivi? Wote walikula pumba zile zile na kunywa maji yale yale. Nilifungua kurasa za Mei, nikaona maandishi ya aliyetunza banda kabla ya kijana wetu: "Leo kuku wote wamechanjwa, tone moja jichoni." Wadogo walikuwa hawajaanguliwa. Walipoanguliwa mwezi wa Juni, Chama cha Kilimo kilikutana kikaamua wasubiri chanjo ya Septemba, kwa sababu chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haiwezi kuwekwa akiba ya muda mrefu. Tuliona ni hasara kufungua chupa kwa ajili ya vifaranga 36. Kumbukumbu za mkutano ule nimeziandika mimi kwa mkono wangu.

Kisha nikahesabu siku. Vitabu vinasema kwamba tangu virusi viingie mpaka dalili zionekane hupita siku mbili mpaka kumi na tano, na mara nyingi ni tano au sita. Wageni waliingia tarehe 17. Mmoja wao alikuwa ameugua hata kufika tarehe 20, akafa tarehe 22. Wale wanne wa kwanza waliolala karibu naye walionekana wagonjwa tarehe 26. Maabara haikuniambia nani aliyeuleta ugonjwa, wala si kazi yake. Lakini kalenda ilikuwa mbele yangu, na hakuna mgeni mwingine aliyeandikwa katika daftari. Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Na bei ile ndogo ya mnadani sasa naielewa. Yamkini mwenye kuku wale aliona wengine wanakufa nyumbani kwake, akakimbilia kuuza waliosalia. Nasi, kama tusingezuiwa, tungefanya vivyo hivyo, maana wako waliopendekeza tuuze wagonjwa kabla hawajafa.

Na ile pakiti ya sumu? Mtunza ghala alieleza kwamba aliitumia mwenyewe ndani ya ghala kwa ajili ya panya, miezi iliyopita. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Septemba, nilisimama mbele ya Kidato cha Kwanza, nikaeleza hesabu yote ubaoni, nikaisoma barua yangu ya kwanza kwa sauti, kisha nikaomba radhi. Nilitazamia kijana atalia au atanikasirikia. Alisema tu, "Nashukuru kaka. Naomba nirudishiwe daftari, maana tangu Jumatatu hakuna aliyeandika." Baadaye nilipata kujua kwamba yeye ni mmoja wa wale wanaolipiwa chakula na mfuko wa kuku. Angekata tawi alilokalia kwa faida gani? Hatukufikiri hata hilo.

Wazazi wetu wapendwa, sasa nawaletea yale ambayo shule imejifunza, ili msiyanunue kwa bei tuliyonunulia sisi.

Kideri hakitibiki, lakini chaweza kuzuiwa. Iko chanjo iitwayo I-2, ambayo asili yake ni kazi ya Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Sifa yake kubwa ni kwamba huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, kwa hiyo yafaa kwa vijiji visivyo na friji karibu, ijapokuwa bado yatakiwa kuwekwa mahali pa baridi, mbali na jua. Hapa nchini hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, awe kifaranga au jogoo, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi minne. Sisi tumechagua Januari, Mei na Septemba, na vifaranga vikianguliwa katikati havitasubiri tena. Chanjeni kuku wakiwa wazima, kwa maana mwili huhitaji wiki mbili au tatu kujenga kinga yake. Banda likiisha kuingiwa na ugonjwa, chanjo haiwaokoi waliokwisha kuambukizwa.

Afadhali majirani wachanje siku moja, kwa sababu kuku wa kienyeji hawajui mpaka wa uwanja. Kuku mgeni atengwe wiki mbili au zaidi kabla ya kuchanganywa na wenyeji, hata kama aliyemleta ni Katibu. Kuku wakianza kufa kwa wingi, mwiteni Bwana Mifugo mapema, wala msiuze wala msichinje. Anayewashika kuku wagonjwa asiguse macho yake, kwa kuwa virusi vya kideri vyaweza kumletea mtu wekundu wa macho kwa siku chache, na tena mpaka maabara iseme hamjui kama si mafua ya ndege.

Nanyi wanafunzi wenzangu, wekeni daftari. Liwe la kuku, la mbuzi au la bustani ya mchicha, andikeni kila siku mlichokiona, na tarehe yake. Mtaalamu mwenye darubini na mayai na sahani alihitaji siku tisa kulitaja jina la ugonjwa, lakini hata yeye asingeweza kutuambia uliingia lini na ulipitia wapi. Hayo yaliandikwa kwa kalamu ya wino, kila jioni, na mtoto wa Kidato cha Kwanza ambaye hakuna aliyetaka kumsikiliza.

Banda tulilisafisha kwa maji na dawa, tukapaka chokaa, na hatukuongeza kuku mpya kwa zaidi ya mwezi. Wale 22 waliosalia wamechanjwa tena, na mayai yameanza kurudi. Ufunguo uko mkononi mwa kijana yule yule. Chama cha Kilimo kilimwomba aendelee muhula mwingine, naye amekubali kwa sharti moja: kwamba hakuna kuku atakayeingia bandani bila yeye kuandika ametoka wapi.

Sharti hilo tumeliandika ukutani.